Barua Niliyoichomeka Kwenye Makuti

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki pale kijijini kwetu Mbuchi, na Alhamisi mwanangu Kudra hakuhitaji kuamshwa. Kabla sijawasha moto alikuwa ameshateka maji ndoo mbili, moja ya nyumbani na moja ya zahanati. Mwaka ule, 1988, alikuwa darasa la saba. Alikuwa na miaka kumi na sita, maana siku zile watoto wengi wa kwetu walianza shule wakiwa wakubwa kidogo. Mwalimu alimruhusu apite zahanati kwanza, amsaidie Nesi Rukaiya kupanga kadi, kisha awahi darasani.

Nesi Rukaiya alikuwa binti wa Ngorongo, huko juu bondeni. Aliletwa kwetu peke yake, hajaolewa, na begi moja la nguo. Yeye ndiye aliyemfundisha Kudra kusoma mizani, kuchemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, na kuita majina ya watoto kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Nakumbuka Alhamisi moja nilikuwa kwenye foleni na mwanangu mdogo, Mudrick. Mbele yangu alikuwa Mwanabaraka, mama yake Yasmin, shoga yangu wa tangu utoto. Kudra alimning'iniza mtoto wa Mwanabaraka kwenye mizani, akaandika, akasema, "Mama Yasmin, mtoto kaongeza kilo nzima. Huyu mnampa uji au mnampa ugali wa baba yake?"

Wanawake wakacheka. Mwanabaraka naye hakukubali kushindwa. Akanigeukia, "Mama Kudra, mwanao huyu mwakani ndiye atakayetuzalisha. Sasa tutafumba macho sisi, au afumbe yeye?"

Wakacheka zaidi. Mie nilicheka pamoja nao, lakini nilianza kuogopa. Kwetu ilikuwa hivi: msichana ambaye hajazaa haingii chumba cha mwanamke anayejifungua. Mambo yale yalikuwa ya watu wazima. Msichana aliyeyaona kabla ya wakati wake alisemwa kwamba ana macho makavu, na watu walisita kwenda kumposa. Nilifikiri, hawa leo wanacheka, kesho watamnyooshea kidole.

Nilipomwambia Kudra nyumbani, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mama, Mudrick nani alikuzalisha?"

"Nesi Rukaiya."

"Nesi Rukaiya ana mtoto?"

"Hana."

"Sasa?"

"Yule ni mtoto wa watu," nikasema. "Wewe ni wangu. Nenda kafungie kuku."

Alikwenda kufungia kuku. Mie nilijiona nimeshinda.

Kudra alifaulu vizuri darasa la saba, ila hakupata nafasi ya sekondari, maana nafasi zilikuwa chache mno. Mwanzoni mwa mwaka 1989 ikaja habari kwamba kila kata itoe binti mmoja aliyemaliza darasa la saba, asailiwe Kibiti, na akifaa apelekwe kusomea uuguzi kwa mwaka mmoja na nusu. Akimaliza atarudi kufanya kazi kwao. Mkutano wa kijiji ulikaa, na jina lililotajwa lilikuwa moja tu. Mzee Mrisho, mwenyekiti wetu, alikuja nyumbani mwenyewe kutueleza. Mume wangu, Mtoro, alifurahi hata akasahau kunywa chai yake. Alikuwa anaondoka kwenda kambi ya kukata boriti mikokoni, atakaa huko mpaka mavuno. Akaniambia, "Barua ya usaili ikija, mpeleke mwenyewe Kibiti. Usimtume mtu."

"Nimesikia," nikamjibu.

Mwezi wa nne tukahamia shambani. Wanafunzi mnaosoma kisa hiki, kama hamjakaa kwetu, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga. Mpunga ukianza kutoa, mnahama kijijini na vyungu vyenu, mnaishi huko juu mpaka mvune, kwa sababu msipoamia, yaani msipokaa kulinda mpunga, ndege wanakula mchana na nguruwe wanamalizia usiku. Toka dungu letu mpaka kijijini ni mwendo wa asubuhi nzima, kwa mtumbwi na kwa miguu topeni. Huko husikii habari ya mtu.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa Mei, nilikwenda kijijini kutafuta chumvi. Mzee Mrisho akaniona, akaniita, akatoa bahasha mfukoni. "Hongera, Mama Kudra. Kijiji kizima kinamtegemea huyu."

Mie nilisoma hadi darasa la saba la watu wazima. Barua ile niliisoma njiani, nikaielewa vizuri, kwa hiyo sina kisingizio. Ilisema Kudra Mtoro afike Kibiti Jumatatu tarehe kumi na tano Mei, saa tatu asubuhi, na cheti chake cha shule.

Nilisimama pale kwenye tope nikiwaza. Nilimwona mwanangu akirudi baada ya mwaka na nusu, amevaa gauni jeupe, anaingia chumba cha wanawake waliomlea. Nilisikia vicheko. Nilimwona amefika miaka thelathini hajaolewa. Tena dada yangu, Biasha, alikuwa ameniletea salamu kutoka Ikwiriri. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa sabuni na kanga mpya, na Biasha alikuwa na meza ya mitumba karibu na stendi ya mabasi. "Mkishavuna nipe Kudra," alisema, "huku atachangamka, na wachumba wapo." Nikaona hilo ndilo jambo la heri kwa mtoto wa kike.

Nilipofika dunguni nikaikunja ile barua, nikaichomeka kwenye makuti, juu ya pale ninapolaza kichwa.

"Mama, barua haijafika?" Kudra aliniuliza kabla sijatua mzigo.

"Bado."

Neno moja tu, dogo hivyo. Alishuka ngazi akaendelea kurusha udongo kwa kombeo na kufukuza ndege, anaimba.

Wiki ikapita. Jumamosi iliyofuata alikuja akakaa karibu yangu. "Mama, naomba niende kijijini mara moja nimwulize Mzee Mrisho. Labda amesahau."

"Na ndege?"

"Siku moja tu, mama."

"Siku moja ndege wanamaliza jaruba zima la mpunga. Unataka wadogo zako wale nini?"

Kudra hakuwa mtoto wa kubishana. Alichukua kombeo lake akashuka. Jumatatu ile, tarehe kumi na tano, tangu jua linachomoza nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Alipoleta uji nilijifanya nafunga kamba ya ngazi. Nilijiambia, ikipita leo, imepita, na kesho nitapumua.

Jumatano akaja Nesi Rukaiya. Msimu wa madungu akina mama walikuwa hawaendi kliniki, kwa hiyo yeye aliwafuata shambani. Alikuwa na kasha la chanjo kichwani na tope hadi magotini. Alimchoma Mudrick sindano, akamfuta machozi, ndipo akamgeukia Kudra.

"Uliugua, mdogo wangu? Jumapili nilikungoja bandarini na mwenye mtumbwi hadi maji yakaanza kutoka. Nikasema labda umepita njia ya Muhoro."

Kudra alimtazama bila kuelewa. "Uliningoja niende wapi, dada?"

"Kibiti. Usaili si ulikuwa juzi? Barua Mzee Mrisho kampa mama yako."

Ndege walitua kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza. Kudra alinitazama mie. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja niseme kwamba nesi amekosea. Nilinyoosha mkono nikaichomoa ile barua kwenye makuti, nikampa. Aliisoma yote, mpaka mhuri. Kisha akashuka ngazi, akaenda hadi mwisho wa jaruba letu, akaanza kufukuza ndege. Hakuimba.

Nesi Rukaiya hakunikaripia. Nadhani ningependelea anikaripie. Alikaa tu kwenye ngazi akikwangua tope miguuni kwa kijiti.

"Niliogopa," nikasema. "Wewe hujui maneno ya watu."

"Nayajua, Mama Kudra. Ngorongo walimwambia mama yangu hayo hayo."

"Basi niambie, unapata nini kwenye kazi hii? Mshahara wenyewe kila siku mnaulalamikia. Unatembea topeni kama punda wa chumvi."

Akacheka kidogo. "Mshahara ni mdogo, sikufichi. Lakini nimemjengea mama chumba cha bati, na nikisema neno kwetu kaka zangu wananyamaza wanisikilize. Hilo la kwanza. La pili, unamjua Mshamu, mtoto wa mwenye kinu? Yule alizaliwa kimya. Halii, hapumui, bibi yake ameshaanza kutafuta sanda. Nikamsafisha kinywa, nikampulizia pumzi, nikampulizia tena, akalia. Sasa ana miaka mitatu, na akiniona barabarani anakimbia kwa kuogopa sindano. Mie husimama nikamwangalia anavyokimbia. Hiyo miguu, Mama Kudra. Hakuna dukani inapouzwa furaha ile."

Nikamwambia, "Kesho nampeleka Kibiti."

Tuliacha mpunga kwa jirani, tukaenda kwa mtumbwi, kwa miguu, kisha kwa lori la mchele. Tulifika Kibiti Ijumaa. Njiani nilikuwa nimeshatunga la kusema: mtoto aliugua homa. Ofisini tulimkuta mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, mbele yake mafaili. Nikafungua kinywa, nikamwona Kudra ananitazama kama alivyonitazama dunguni. Nikasema ukweli wote, barua, makuti na dungu.

Yule mama alivua miwani. "Ungesema aliugua ningekuambia lete cheti cha daktari. Kwa ukweli huu sina cha kukudai. Ila orodha ilikwenda Jumatatu ile ile jioni, na nafasi ya kata yenu amepewa binti wa kata nyingine. Njooni mwakani."

Kudra alimshukuru. Njiani kurudi, alipoona nimechoka alinipokea mzigo.

Mwaka uliofuata tulikwenda mapema sana. Tukaambiwa utaratibu umebadilika, sasa wanataka aliyemaliza kidato cha nne. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ingeishia hapo, ningesema nimemkosea mwanangu peke yake. Haikuishia hapo. Mwisho wa mwaka 1990 Nesi Rukaiya alihamishiwa kwao Ngorongo, na kwetu hakuletwa mwingine. Zahanati ikabaki na mhudumu wa kufagia na kabati la dawa lililofungwa. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata Mwanabaraka alishikwa na uchungu. Alijifungua asubuhi, mtoto mzima, lakini damu haikukatika. Mkunga wetu wa zamani alikuwa amekwenda msibani. Wanaume wakatafuta mtumbwi, maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umelala kwenye tope.

Wanawake wale wale waliocheka kwenye foleni walikuja mbio nyumbani kwangu. Hawakuniita mie. Walimshika Kudra mkono, tukakimbia hadi kwa Mwanabaraka. "Wewe ulikuwa unakaa na nesi. Ingia, mwanetu, fanya chochote."

Hakuna aliyeuliza kama amezaa au hajazaa. Kudra aliingia. Mie nilibaki mlangoni, nikamsikia Mwanabaraka akiita jina lake mara mbili, halafu sauti ikapungua. Maji yalipojaa tena hapakuwa na mtu wa kupakia mtumbwini.

Kudra alitoka akakaa chini, mgongo ukutani. "Mama," akasema, "nilikuwa namshika mkono tu. Nilimwona nesi akifanya mambo ya uzazi mara mbili kwa mbali, lakini sikufundishwa. Sikujua pa kuanzia."

Usiombe kuambiwa neno kama lile na mwanao. Nilihesabu miezi kwa vidole. Kama angekwenda chuo mwaka ule wa barua, mwezi wa tatu ule angekuwa ameshamaliza, yuko pale zahanati, na ufunguo wa kabati mfukoni. Sisemi kwamba angemponya. Uhai na mauti ni vya Mungu. Lakini asingekaa akishika mkono tu.

Baada ya arubaini ya Mwanabaraka nilimwambia mume wangu yote, maana mpaka siku ile alijua tu kwamba tulichelewa usaili. Siku ya tatu yake Mtoro akasema, "Mtoto aende kwa Nesi Rukaiya akatafute shule huko. Na wewe utampeleka." Nilimpeleka kwa mikono yangu. Rukaiya alimpokea kama mdogo wake. Mchana Kudra alifagia na kufua mashuka ya wagonjwa, jioni alisoma masomo ya sekondari kwa mwalimu mstaafu, Mzee Mohamedi. Alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli mara ya kwanza, akarudia, akapita, akaingia chuo cha uuguzi. Wenzake aliokaa nao darasa moja chuoni walikuwa wanamwita shangazi kwa jinsi alivyowazidi umri.

Alirudi Mbuchi mwaka 1999, nesi kamili. Miaka kumi tangu barua ile. Kumbuka, angeweza kurudi baada ya mwaka mmoja na nusu.

Kuhusu ndoa niliyoiogopa, aliolewa akiwa bado chuoni na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa Ikwiriri, ambaye kila siku ya kliniki humchemshia mkewe chai. Wanawake niliodhani watamwonea aibu wanapanga foleni toka alfajiri, na kama siku hiyo yupo mwingine wanauliza, "Kudra harudi leo?" Ameiezeka nyumba yetu kwa bati. Ameipa pia heshima ambayo bati halinunui: kikao cha kijiji hakijadili maji wala vyoo bila kumngoja yeye. Akichoka, huwa amechoka kweli, hata kula hawezi. Lakini sijawahi kumsikia akisema anajuta.

Majuto nimebaki nayo mie. Juzi nilikuwa natoka kisimani, mwanamke nisiyemfahamu akanisimamisha. Mgongoni ana mtoto, mkononi ana samaki wawili.

"Shikamoo, mama. Wewe si ndiye mama yake nesi?"

"Marahaba. Ndiye mie."

"Pokea. Mwanao alikesha na mimi siku mbili. Asante kwa kutuzalia mtu, na kwa kumsomesha."

Nilimrudishia samaki mmoja. "Huyu ni wa kumzaa, nampokea," nikamwambia. "Huyo wa kumsomesha si wangu, ni wa Nesi Rukaiya wa Ngorongo. Kaa hapa kivulini nikueleze kwa nini." Nikamweleza yote, kama ninavyokuelezeni nyinyi, mpaka kwa Mwanabaraka. Alinisikiliza hadi mwisho, akamweka mwanawe vizuri mgongoni, akaenda zake. Sikumlaumu.

Basi nyinyi mnaosoma, nawaambia kama mama anayeogopa, maana woga ninao hata leo, ila siku hizi naogopa barua inayofichwa kuliko maneno ya watu. Ukipenda kazi ya kuuguza watu, ipende waziwazi. Mwambie mzazi wako, mwambie mwalimu, mwambie na nesi wa zahanati yenu, watatu hao wajue. Barua yako ifuatilie mwenyewe kwa miguu yako, usimwachie mtu mmoja, hata mtu huyo akiwa ni mama yako anayekupenda. Na wewe mzazi uliyeazima kitabu hiki kwa mwanao, ukiona mkono wako unataka kuficha nafasi ya mtoto, jua kwamba huifichi kwake tu. Unaificha na kwa wale ambao siku moja watamshika mkono wakimwomba afanye kitu.